Rimu nyepesi za dragi kwenye gari la kila siku: A, B au nibaki na zangu?

GiaYaTano:
Wakuu habari zenu. Nataka kubadilisha rimu, naomba mnisaidie kuchagua kabla ya Jumamosi maana muuzaji ana mteja mwingine anayemsumbua.
A: seti iliyotumika ya rimu za dragi, mbili pana na mbili nyembamba. Nyepesi mno, unainyanyua kwa vidole viwili.
B: rimu nne mpya za foji (alumini iliyogandamizwa, si ya kumimina), za barabarani.
C: nibaki na rimu za kiwandani, hela yote iende kwenye tairi.
Gari natumia kila siku, na mara mojamoja naenda kuchapa mita 402, zile mbio za dragi za kwenda moja kwa moja. Moyo uko kwenye A. Karibuni.

Fundi_Haba:
Gari gani? Linasukuma nyuma, linavuta mbele au linakwenda kwa magurudumu yote manne? Nati ngapi? Diski za mbele zina ukubwa gani? Hizo rimu ni inchi ngapi? Umeandika kila kitu isipokuwa kinachotakiwa.

MzeeKabureta:
A, bila kupepesa macho. Gari yenye tairi nyembamba mbele na pana nyuma inakaa kama mnyama anayejiandaa kuruka. Mbele hakuna kazi, ni kushika njia tu. Mnatembea na mirimu mizito halafu mnalalamika gari haiondoki. Na kila mtu anajua kilo moja ya rimu ni sawa na kilo kumi za bodi.

SpidiNaAdabu:
Mbele hakuna kazi? Mzee wangu, ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, na breki za mbele ndizo zinazosimamisha gari. Sasa unazipa tairi ya inchi nne zishike lami na nini? Kwenye dragi ukimaliza mbio una njia ndefu iliyonyooka ya kupunguza mwendo. Barabarani una lori limesimama ghafla.

Kura yangu B. TE37 ya Rays ilitoka 1996, na hiyo 37 ni kilo 3.7, uzito wa ile ya inchi 15 kwa 6, yaani kipenyo kwa upana. RPF1 ya Enkei ya 15 kwa 7 haifiki kilo 5. Hizo ni rimu za barabarani, zinapiga kona na zinavumilia shimo. Rimu ya dragi itakupa nini zaidi ya hapo?

Kilo_Moja:
Mzee Kabureta, hiyo ya kilo kumi nimeisikia mpaka nimechoka. Kitu kinachozunguka kinahitaji nguvu mara mbili: kukisukuma mbele na kukizungusha. Kilo iliyo ukingoni kabisa, pale mpira unapogusa barabara, inahesabika kama kilo mbili. Kilo iliyo katikati kwenye haba, pale gurudumu linapofungwa, inahesabika kama moja na kitu kidogo. Mbili ndiyo ukomo, hakuna kumi.

Tairi ya 195/50 R15 nusu kipenyo chake ni kama milimita 288, na pipa la rimu liko kama milimita 190 kutoka katikati. Kilo ya pipani hapo inahesabika kama 1.4. Ukipunguza kilo 3 kila gurudumu, jumla 12, ni sawa na kushusha mzigo wa kilo 17 kwenye buti. Ni kitu, sikatai, ila ukitoa siti ya nyuma na tairi ya akiba unakaribia hapohapo bure. Na tairi iko nje zaidi kuliko rimu, kwa hiyo tairi nyepesi inalipa kuliko rimu nyepesi. Wengi wanapima rimu hadi gramu halafu wanavalisha tairi zito.

MzeeKabureta:
Hesabu nzuri kijana, lakini mimi nilihisi kwa makalio gari ilivyobadilika.

Kilo_Moja:
Siku hiyo ulibadilisha na tairi?

MzeeKabureta:
Niliweka sliki, zile tairi za mbio zisizo na michirizi, ndiyo. Kwani?

Kilo_Moja:
Basi ulichohisi ni mpira ulioshika.

MamaTurbo:
Naona mnagombana juu ya uzito, mimi nina jambo la nati. Jina la karakana sitalitaja.

Shemeji yangu alinunua seti kama hiyo ya A, gari lake linasukuma nyuma. Matundu ya zile rimu yalikuwa yamenyooka, yanataka nati yenye shingo ndefu inayozama ndani ya tundu, na washa bapa juu yake. Karakana ikafunga nati za kiwandani, zile za koni. Koni ikikutana na tundu lililonyooka inagusa ukingo tu, haina pa kulalia. Wakakaza kwa mashine ya upepo, trrr trrr, lete hela.

Mwanzo kimya. Baadaye gari likaanza kutetema likifika 70. Kila aliyeulizwa alisema balansi. Balansi ikapimwa, iko sawa. Ikapimwa tena kwingine, iko sawa. Siku moja nimo ndani ya gari nikasikia mlio wa tk, tk, tk kutoka nyuma, unakwenda na mzunguko wa gurudumu, nikamwambia shem simamisha. Tukainama. Kuzunguka kila nati kulikuwa na unga wa kijivu, laini, ukipangusa kidole kinabaki kinang'aa. Ile ni alumini inaliwa. Nati mbili zilizunguka kwa mkono mtupu. Gurudumu lilipofunguliwa matundu yalikuwa yameshakuwa ya yai, na stadi moja, ile skrubu inayoshika nati, ikabaki mkononi mwa fundi. Rimu ikatupwa, maana tundu likishakuwa la yai hakuna kulirudisha. Karakana ikajitetea kwamba rimu ni feki. Hazikuwa feki.

Kwa hiyo GiaYaTano, kabla ya kusifia wepesi muulize muuzaji nati zake ziko wapi. Na stadi pia: kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, zinataka nati ishike uzi wa stadi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Stadi ya milimita 12, nati ishike milimita 12. Stadi za kiwandani kwenye rimu yenye kitovu kinene mara nyingi hazifiki.

Fundi_Haba:
Dada umemaliza. Mashine ya upepo ni ya kufungulia, kufungia ni tokirenchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Na ukishatembea kidogo unakaza tena. Mwenye uzi bado hajajibu gari gani.

GiaYaTano:
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Gari ni Honda Civic EK, nati nne, 4x100 (nati nne kwenye duara la milimita 100). Rimu pana ni 13 kwa 8, nyembamba ni 15 kwa 3.5. Mpango wangu ni nyembamba mbele, pana nyuma.

SpidiNaAdabu:
Civic 😂 Mzee Kabureta, mnyama wako anaruka kinyumenyume.

Fundi_Haba:
Mkuu, Civic inavuta mbele. Pana zinakaa mbele, nyembamba nyuma. Hizo 13 kwa 8 zimetengenezwa kwa magari ya aina yako. Gari likiondoka uzito unakimbilia nyuma na mbele kunabaki kwepesi, ndiyo maana wa kuvuta mbele wanaweka mpira mpana na laini pale mbele.

Sasa mambo ya kupima. Rimu ya 13 ina milimita 330 kwa nje, ndani ni pungufu ya hapo, na humo lazima diski ya breki na kaliper inayoibana vienee. Kama EK yako ina diski kubwa za milimita 262, kaliper huenda ikagusa. Kata kadibodi kwa umbo la kaliper uende nayo kwa muuzaji. Pili, hizo rimu huvalishwa sliki za kipenyo cha inchi 24.5, wakati tairi yako ya kiwandani inakaribia inchi 23. Maana yake spidomita ikisema 80 gari linakwenda kama 85, na gia zote zinakuwa ndefu. Sliki zenyewe haziruhusiwi barabarani, kwa hiyo siku za kawaida utavalisha nini kwenye 13 kwa 8? Tatu, upana huo ukitokeza nje usukani utakuvuta kila ukikanyaga mafuta, na beringi za haba zitalipia.

MzeeKabureta:
Hata hivyo nyembamba nyuma kwenye Civic hazina shida. Breki ya nyuma inafanya kazi ndogo, Spidi umesema mwenyewe hapo juu.

SpidiNaAdabu:
Kwa kusimama kwenye mstari ulionyooka, sawa. Kwenye kona yenye maji je? Mbele kumeshika, nyuma kuna mpira wa inchi tatu na nusu. Ukiachia mafuta katikati ya kona mkia unakuja mbele kabla hujashika vizuri usukani. Mbele kukiteleza unaona na unapunguza. Nyuma kukiteleza, dereva wa kawaida anakuta ameshageuka.

MzeeKabureta:
Mvua ikinyesha abaki nyumbani.

MamaTurbo:
Mzee jamani. Kasema gari la kila siku.

Kilo_Moja:
Kuna la alama pia. Rimu za dragi hupimwa kwa kipimo cha SFI 15.1, za barabarani za kuongezea zina SAE J2530, na za Kijapani utaona JWL. Si kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Rimu ya barabarani inapimwa kwa kupindwa huku inazunguka, kama kwenye kona, na inapigwa kwa uzito pembeni kama imeingia shimoni. Ya dragi kazi yake ni kubeba nguvu ya kuondoka kwenda moja kwa moja. Wepesi wake umetokana na kuondoa alumini ambayo mbio hazihitaji. Kuna watengenezaji wenye rimu za sura ya dragi zilizopimwa kwa barabara, Weld wana RT-S, lakini 13 kwa 8 iliyotumika sidhani kama ni kundi hilo. Angalia nyuma ya rimu pameandikwa nini, hasa uzito inaobeba.

GiaYaTano:
Uzito inaobeba una maana gani kwangu? Asubuhi nabeba watoto watatu nyuma, hawana kilo nyingi.

MamaTurbo:
Watoto watatu nyuma, juu ya zile nyembamba? Na ulikuwa unatuambia lini?

SpidiNaAdabu:
Nimemaliza. B. Ni kampuni gani kwanza?

GiaYaTano:
Haina jina. Muuzaji kasema foji, umbo ni la TE37 kabisa, kilo 7.

SpidiNaAdabu:
Kilo 7 kwa umbo la TE37 ya 15? Hiyo ni ya kumimina iliyopakwa rangi ya shaba.

Fundi_Haba:
Ya kumimina si dhambi. Rimu nyingi za kiwandani ni za kumimina na zinazunguka miaka. Tatizo ni kuuziwa kwa jina la foji. Tafuta JWL na namba ya uzito nyuma ya miguu ya rimu. Kama pako tupu, iache. Mimi ningechukua C, tairi nzuri ya barabara, hela inayobaki nibadilishe vishikizo vya injini, hapo ndipo EK nyingi zinapoteza muda kwenye futi 60 za mwanzo wa mbio.

Kilo_Moja:
Vishikizo vya poliyurethani? Watoto watalia kwa mtetemo.

Fundi_Haba:
Vya mpira mgumu, si vya poli. Na kimoja tu, cha nyuma.

MzeeKabureta:
Cha nyuma peke yake hakisaidii, badilisha vyote vitatu.

Fundi_Haba:
Mzee, EK umefungua ngapi?

MzeeKabureta:
Nimefungua gari wewe hujazaliwa.

GiaYaTano:
Wakuu turudi. Nimekwenda na kadibodi. Kaliper inapita, imebaki nafasi ndogo, kidole hakiingii. Nati alizipoteza, ila amepunguza bei.

MamaTurbo:
Alizipoteza! Soma tena nilichoandika.

Kilo_Moja:
Kama huzichukui nitumie namba yake faragha. Nina Civic EG ya mbio tu, haiingii barabarani.

GiaYaTano:
Ngoja kwanza, sijasema sizichukui.