Kaipuliza! Beringi imeanguka mchangani, kaipuliza "fuu", kairejesha kwenye habu

Nati_ya_Mbele
Assalaam alaykum. Salamu naitoa kwa kuwa ni sunna, roho yenyewe haina salama hata chembe.

Simtaji. Nyote mnamjua. Yule wa chini ya mwembe, mwenye redio, gari yoyote ikimfika husema "hii ndogo". Basi ndogo ya leo ni hii: habu (kitovu cha tairi) ya mbele kulia, Land Cruiser ya eksi nzima, beringi ya nje, ile pete yenye roli, yaani vijichuma vya kuviringika, imemponyoka, bup, mchangani. Kaiokota. Kaipuliza. "Fuu!" Moja tu, kama mtu aliyeangusha andazi mbele ya wageni. Akaipachika.

Namwambia fundi, hiyo ioshwe. Kanitazama toka kofia mpaka makubadhi, kanijibu: "Beringi ni chuma, sheikh, si jicho."

Si jicho! Jicho afadhali, likiingia mchanga lina machozi yake ya kujiosha. Beringi machozi itayatoa wapi?

Ile huoshwa kwa mafuta ya taa au dizeli, kwa brashi, mpaka grisi kuukuu itoke yote katikati ya roli. Inapanguswa, inakauka, ndipo unaweka bonge la grisi kiganjani na kuikandamizia beringi kwa upande wake mpana mpaka grisi ichungulie upande mwembamba, unazungusha kidogo, unakandamiza tena, mpaka umalize duara. Hata mwenye kompresa haruhusiwi kuizungusha kwa upepo, kwa sababu inakimbia kavu, roli zinachubuka na zinaweza kuchomoka. Huyu hata hiyo kompresa hakuwa nayo. Katumia pumzi ya mtu aliyetoka kula urojo.

Sili, ile pete ya mpira inayozuia grisi isitoke, ndiyo msiulize. Kaipiga tindo upande mmoja ikakaa kama kofia ya mtu anayesinzia, kisha kaizungushia silikoni. Sili inataka kibao bapa juu yake na nyundo ya taratibu, iingie sawasawa pande zote, mdomo wenye springi utazame ndani kwenye grisi, na mdomo wenyewe upakwe grisi kwanza usije ukaungua mzunguko wa mwanzo. Ikikaa kombo, hata uipake silikoni ya Unguja na Pemba nzima itavuja.

Halafu kashindilia grisi habu nzima kama anajaza gunia la karafuu. Nafasi iliyo baina ya beringi mbili inataka theluthi, mwisho nusu. Ukijaza pomoni grisi inasukwa, inapata moto, inatanuka, na njia ya kutokea ni hiyo hiyo sili ya kombo. Ikitoka inaangukia kwenye diski, ukanyage breki uone unavyoagana na watu.

Lakini hayo yote nasamehe. Kaipuliza, jamani.

Dau_Kavu
Pole yakhe. Na wewe ulikuwa umesimama unatazama? Angeipuliza mara ya pili ungemshikia tochi.

Kipanga_wa_Konde
Mwenzetu kapeleka gari ya mamilioni kwa bei ya kahawa na kashata, sasa anataka chumba cha upasuaji. Nati kafungia nini, tuanzie hapo?

Nati_ya_Mbele
Tindo hiyo hiyo na nyundo. Na mdomo ule ule uliopuliza ndio uliohesabu "moja, mbili, tatu, basi".

Kipanga_wa_Konde
Basi hapo ndipo pa kulia, si kwenye fuu. Nati ya Toyota hiyo inataka boksi (soketi ya kufungulia nati) ya milimita 54. Unaikaza ya ndani mpaka nyutonimita 59, unazungusha habu mbele na nyuma mara kadhaa roli zikae kwenye vikombe vyake (pete za nje za beringi), unailegeza, unaikaza upya kidogo tu. Kisha chukua mizani ya ndoana ya kupimia pweza, itie kwenye stadi (bolti) moja ya tairi, vuta. Habu ianze kuzunguka mizani ikisoma baina ya kilo 3 na 5 na nusu. Chini ya hapo tairi litacheza, juu ya hapo beringi itaungua. Halafu washa (pete bapa) ya kufungia, nati ya pili, na masikio ya washa: moja likunjwe ndani, moja nje. Tindo inakula pembe za nati, na vipande vyake vya chuma vinaangukia ndani ya beringi uliyoililia.

Matumbawe
Kwa kumtetea fundi kidogo: mchanga wetu wa pwani ni matumbawe yaliyosagika, chokaa tupu. Ni laini kuliko chuma cha beringi.

Nati_ya_Mbele
Kaipuliza na wewe unamtetea!

Dau_Kavu
Matumbawe, mchanga wa gereji si wa ufukweni Paje. Pale chini pana unga wa grainda, vipande vya welding na kutu ya miaka. Na huo wa chokaa nao una chumvi, chumvi inavuta unyevu, gari ikilala siku chache roli zinaota vidoa vya kutu pale pale zilipogusa kikombe. Ukisikia tairi linanguruma ukikata kona, ndivyo hivyo vidoa. Hapo hubadilishi beringi peke yake, unabadilisha na kikombe chake, maana wamekwisha zoeana kwa ubaya.

Mama_Jimny
Mwanangu pole. Lakini kabla hujamlaani mtu, ulipima kama ni beringi kweli? Piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi za habu. Ukibaki ni kingipini (pini zinazogeuzia tairi), na hapo habu imefunguliwa bure.

Nati_ya_Mbele
Mama shikamoo. Ulipotea. Lakini suala si mchezo wa tairi, suala ni kaipuliza.

Mama_Jimny
Marahaba. Mimi wangu ni muuza spea, nao mnamjua. Nampelekea sili ya zamani mkononi, ananipa nyingine, "inaingia hii". Inaingia! Hata kidole kinaingia. Sili inasomwa namba tatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Milimita moja ikizidi hujanunua sili, umenunua bangili.

Tui_la_Grisi
Mnahangaika na fundi na muuzaji, mkosaji mkubwa ni hawa wanaokodisha magari kwa wageni. Bamvua maji yakipwa wanaingia nayo pwani kupiga picha, habu za moto zinazama ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia mdomo wa sili. Hata sili mpya. Wiki mbili baadaye unafungua, grisi imekuwa tui. Gari iliyozama habu ifunguliwe siku hizo hizo, ioshwe, ipakwe upya. Na hicho kipumulio cha difu (gia za katikati ya eksi) kirefusheni kwa mpira mpaka juu kwenye injini. Kikiziba matope, difu ikipata moto inasukuma oili yake kupita sili ya shafti mpaka kwenye jointi ya CV (kiungo kinachozungusha tairi hata likikata kona), grisi inakuwa supu, supu inavuka mpaka kwenye breki, kisha mnasema fundi kakosea.

Kipanga_wa_Konde
Hapo umenena. Na grisi yenyewe? Watu wanauliza "ya bluu au nyekundu" kama wanachagua kanga. Rangi ni rangi tu. Beringi inataka ya lithiamu komplex namba 2 inayostahimili joto, jointi ya CV inataka yenye molibdeni, ile nyeusi. Na usichanganye ya zamani usiyoijua na mpya, nyingine zikikutana zinalainika na kutiririka. Fri habu (ile ya kitufe inayounga tairi na shafti) nayo isipakwe zaidi ya utando mwembamba, ukiijaza meno hayasogei, unazungusha kitufe umekwama kwenye tope na foili (four-wheel) haiingii.

Eksi_ya_Muingereza
Nyie wa Toyota mnadeka. Land Rover yangu ya zamani ina yale matufe ya kromu ya kugeuzia tairi nje, wazi, yanakula chumvi mchana na usiku. Kromu ikishatoboka vidoa inachana sili kama msasa, na ndani mna oili ya EP90 thuluthi ya lita kila upande, yote inaishia sakafuni. Nimeambiwa nitie grisi ile nyepesi inayotiririka. Nimetia. Sasa inavuja polepole zaidi.

Matumbawe
Tufe libadilishe. Kucha ikikwama unapolipapasa, hapana sili itakayoziba. Na spindeli (shina linalobeba habu) vivyo hivyo, sili ya zamani ikishachimba mfereji, mpya itavuja siku hiyo hiyo.

Nati_ya_Mbele
Turudini kwenye mada. Beringi yangu ina pumzi ya mtu ndani.

Dau_Kavu
Ifungue mwenyewe leo, si umeshafundishwa. Gasketi ya karatasi mpya, sili mpya, na zile koni sita (washa za umbo la koni) za flenji, sahani ya mwisho wa habu, usizivute kwa bisibisi. Legeza nati, gonga pembeni kwa nyundo ya shaba, zitaruka zenyewe.

Nati_ya_Mbele
Boksi ya 54 sina. Nani anayo mjini? Nairejesha Ijumaa.

Kipanga_wa_Konde
Yangu niliiazimisha humu humu jukwaani kabla ya Ramadhani mpaka leo.

Eksi_ya_Muingereza
Ndugu yangu, mimi nilikurejeshea.

Kipanga_wa_Konde
Uliyorejesha ni ya 52.