Eti "michezo ya saa ya chai"? Yule bwana mnayemjua amenikosea adabu hapa Kisumu

Wanajukwaa, nimetoka uwanjani sasa hivi na shati langu jeupe lina alama za vidole vinne vya mafuta ya samaki. Sina haja ya kumtaja mwenye vidole hivyo, kwa kuwa kila aliyekanyaga uwanja wa kikapu hapa mjini anamjua: kipaza sauti kikiwa bado kiko Ahero, yeye ameshakishika.

Nilikuwa nikiwaeleza vijana historia ya timu za ridhaa zilizodhaminiwa na kampuni huko Marekani. Akatoka kibandani akinyonya mifupa ya ngege, akanipigapiga begani mbele ya watoto wote, akasema, "Mzee, ile ilikuwa michezo ya saa ya chai." Watoto wakacheka hadi viboko wa Dunga wakaamka.

Saa ya chai! Phillips 66ers, timu ya kampuni ya mafuta ya mji wa Bartlesville, Oklahoma, ilitwaa ubingwa wa AAU, mashindano makuu ya ridhaa nchini humo, mara 11, na sita kati ya hizo zilikuwa mfululizo, kuanzia 1943 hadi 1948. Bob Kurland, mtu wa futi 7, alikataa kucheza kwa kulipwa, akaajiriwa na kampuni hiyo, na kwa kuwa Olimpiki ya wakati ule ilimfungia mlango mchezaji wa kulipwa, akaenda kama mtu wa ridhaa na kurudi na dhahabu ya London 1948 na ya Helsinki 1952. Ni chai gani hiyo inayompa mtu dhahabu mbili? Katika fainali ya mchujo wa kuchagua timu ya Olimpiki ya 1948 wafanyakazi hao wa Phillips waliifunga Kentucky, mabingwa wa vyuo vikuu, 53-49.

Na mkono haukuwa umenawiwa, wanajukwaa. Alinishika bega na mkono ambao haukuwa umenawiwa, huku amevaa fulana ya Detroit Pistons, timu iliyoanza kama timu ya kiwanda cha pistoni cha Fred Zollner kule Fort Wayne na kuhamia Detroit mwaka 1957! Amevaa saa ya chai kifuani, kisha ananiambia mimi saa ya chai.

Kipanga wa Kondele: Pole sana, mzee wetu. Hata hivyo, nimesoma uzi wote na nimeelewa kwamba mshtakiwa halisi ni ngege. Loweka shati hilo kwa sabuni ya kipande kabla ya kuendelea na Oklahoma.

Mwamuzi Mstaafu: Huyo bwana simtetei hata kidogo. Mimi aliwahi kunisahihisha hesabu ya hatua mbele ya wakwe zangu, wala hakuwa na filimbi wala kadi ya uamuzi. Shati lako litatakata, mzee. Mimi wakwe bado wananihesabia hatua nikienda msalani.

Binti Menengai: Naandika kutoka Nakuru, nami nina hasira na mwenye uzi kuliko huyo mla samaki. Umetaja wanaume watupu. Hanes Hosiery, timu ya wanawake ya kiwanda cha soksi huko Winston-Salem, ilishinda michezo 102 mfululizo na kutwaa ubingwa wa AAU miaka ya 1951, 1952 na 1953. Babe Didrikson aliajiriwa na kampuni ya bima ya Dallas, akaipa timu yake ubingwa wa 1931, lakini Olimpiki ya 1932 ilimbidi aende kwa riadha, kwa sababu kikapu cha wanawake hakikuingia Olimpiki hadi 1976. Hilo halikukuuma, ila shati?

Mwenye uzi: Binti yangu, nilikuwa nakaribia kuwafikia wanawake hao ndipo mkono ukatua begani.

Miwa Mitamu: Mnahangaika na Oklahoma ilhali SoNy Sugar, timu ya kampuni ya sukari ya huku kwetu Awendo, ilikuwa bingwa wa ligi kuu ya soka mwaka 2006. Hakuna anayemfungulia uzi mtu wa Awendo.

Mwamuzi Mstaafu: Huo ni mpira wa miguu, ndugu yangu. Soma kichwa cha uzi.

Miwa Mitamu: Kichwa cha uzi kinazungumzia chai, na chai hutiwa sukari.

Fundi wa Zamani: Mimi nilichezea timu ya kiwanda ambacho sitakitaja. Tuliambiwa jezi ni zawadi ya mkurugenzi, kisha mwisho wa mwezi tukakuta bei yake imekatwa kwenye mshahara, na tulipoacha kazi tukadaiwa tuzirudishe zikiwa zimefuliwa.

Binti Menengai: Sisi tulikatwa na za wachezaji wa akiba.

Kipanga wa Kondele: Fundi, ulirudisha?

Fundi wa Zamani: Nimeivaa sasa hivi. Waje Nakuru waichukue.