Kilindi, lindi na bahari kuu: ni kitu kimoja au mnanichanganya?

Mfasiri_wa_usiku

Wakuu habari za saa hizi. Nina kazi ya kutafsiri maelezo ya filamu ya viumbe wanaoishi chini kabisa baharini, wale samaki wenye taa kichwani na meno kama sindano, sasa mimi kila mahali niliandika "vilindi vya bahari" nikaona imekaa vizuri tu. Mhariri kairudisha kazi, kafuta vilindi vyote kaweka "bahari kuu", eti kilindi ni Kiswahili cha Biblia na hakuna mtu anaongea hivyo siku hizi. Halafu sehemu moja yeye mwenyewe kaandika "lindi la bahari" sijui katoa wapi.

Naombeni msaada hasa watu wa pwani. Haya maneno matatu ni kitu kimoja au kila moja na kazi yake? Na ni kweli kilindi limeshakufa? Nataka nimjibu kwa hoja maana hela bado hajanilipa.

mpiga_pondo

Limekufa wapi ndugu yangu, labda kwake. Mi nimekulia kwenye vyombo, mzee wangu alikuwa nahodha wa mashua, na kilindi tunalitumia mpaka kesho.

Iko hivi. Ukiwa maji madogo unasukuma chombo kwa pondo, ule mti mrefu, linagusa mchanga, unaona majani na mwamba chini ya chombo. Ukifika mahali pondo halipati chini tena na maji yamebadilika rangi yamekuwa buluu nzito, bas hapo ushaingia kilindini, haijalishi uko karibu na ufukwe kiasi cha kusikia adhana ya magharibi au uko mwendo wa siku mbili. Wazee walikuwa wanatosa bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, wanahesabu pima, pima moja ni mikono miwili ukiitanua, kama futi sita hivi, sa hivi wenye uwezo wana mashine inayosoma kina ila neno limebaki lile lile. Alama nyingine ni maji kupwa. Bahari ikipwa, na hasa wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, chombo ulichokifunga maji madogo kinapwelewa, kinalala ubavu hapo mpaka maji yajae tena, cha kilindini hakina habari.

Kwa hiyo kilindi ni habari ya kina. Bahari kuu ni habari ya umbali, huko nje ambako ukigeuka huoni nchi kavu. Muulize mhariri wako bandari ya Kilindini pale Mombasa ni bahari kuu? Iko ndani kabisa, pembeni mwa kisiwa, meli imefunga gatini na watu wa Likoni wanavuka na feri mbele yake. Imeitwa Kilindini kwa sababu maji yake ni marefu meli kubwa zinaingia, majahazi wao walikuwa na bandari ya kale upande wa pili wa kisiwa. Neno limeandikwa kwenye makontena ya nusu ya Afrika Mashariki halafu mtu anasema limekufa 😂

Bara_Moja

Mpiga pondo heshima yako ila mi naomba nimtetee mhariri kidogo. Huku kwetu bara mtaani sijawahi sikia mtu anasema kilindi kwenye maongezi ya kawaida, tunasema "kwenye kina kirefu" au "katikati ya bahari" imeisha. Kilindini najua ni bandari, sikuwahi hata kufikiria kama lina maana. Filamu inaangaliwa na watu wote sio mabaharia peke yao.

dada_N

@Bara_Moja kina kirefu sio mbaya, lakini kina ni kipimo. Unaweza kusema kina cha kisima, kina cha mto, kina cha bwawa la kuogelea. Kilindi ni mahali penyewe. Samaki haishi kwenye kipimo jamani.

Halafu hiyo ya Kiswahili cha Biblia nimeicheka. Ni kweli limo, Biblia ya Union ya 1952 kwenye Mwanzo mlango wa kwanza kabisa giza liko juu ya uso wa vilindi vya maji, na Zaburi ya 130 inaanza na mtu analia toka vilindini. Ila angalia Luka 5, Yesu anamwambia Simoni "tweka mpaka kilindini". Kutweka ni kupandisha tanga! Hayo ni maneno ya watu wa vyombo, waliotafsiri waliyakuta pwani wakayachukua, hawakuyatunga kanisani. Na pale Simoni yuko ziwani, Galilaya ni ziwa la maji baridi, hakuna bahari kuu hapo hata ukilazimisha. Kwa hiyo kilindi sio lazima bahari. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, lile ni kilindi kuliko sehemu nyingi tu za baharini.

Upande wa Waislamu pia wanisaidie, kuna ile aya ya giza juu ya giza kwenye Suratu Nuur, tafsiri niliyowahi kuiona wameandika bahari kuu. Kwa hiyo bahari kuu kwa maana ya bahari yenye maji mengi ya kutisha lipo pia, na hapo mhariri hajatunga kitu kutoka kichwani kwake.

Mgosi_Handeni

Nimekuja mbio nikidhani mnaongelea wilaya yetu 😅 Sisi Kilindi yetu iko Tanga lakini bahari tunaiona kwenye tivii, ni milima na mahindi tu. Ilimegwa kutoka Handeni 2002. Sasa na sisi tuna kilindi gani?

mpiga_pondo

Mgosi tulia, yenu ni nyingine kabisa. Hiyo ni ya Wakilindi, ukoo wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Kilindi huko Nguu akaenda kutawala Usambaa pale Vuga. Usilete historia ya machifu kwenye mambo ya nanga.

kalamu_nyekundu

Naongezea la lindi maana hakuna aliyeligusa. Lindi ni shimo, shimo refu la kutumbukia. Ndo maana kwenye magazeti unasoma watu "wametumbukia katika lindi la umaskini", au fulani "yuko kwenye lindi la mawazo". Wingi wake malindi, halina shida na ardhini. Kilindi kimekaa kwenye ki-vi, kilindi vilindi, na kimebaki majini. Kwa sura ni ndugu hawa wawili ila kwa matumizi washaachana. Ukiandika "lindi la bahari" msomaji anaweza kuelewa ila anapata picha ya shimo limechimbwa sehemu moja, na sehemu kubwa ya vilindi vya bahari sio shimo, ni tambarare ndefu isiyoisha, matope tu na giza.

(Mji wa Lindi tuuache, tukianza etimolojia za miji hapa hatutalala.)

Pweza_Mkavu

Mi niko upande wa sheria za bahari kwa hiyo niseme la bahari kuu kwa sababu hapo ndo mhariri atawaumiza watu.

Tanzania kuna Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, makao yake Zanzibar. Inaposema bahari kuu inamaanisha ule ukanda wa uchumi wa bahari, kutoka pale yanapoishia maji ya taifa maili 12 mpaka maili 200 nje. Meli za jodari zinazokata leseni ndo zinafanya kazi huko. Sasa ukienda kwenye mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, kuna yale maji yasiyo ya nchi yoyote, ambayo yanaanza baada ya hizo maili 200, na yenyewe pia waandishi wetu wanayaita bahari kuu. Tayari neno moja lina kazi mbili na wote wanaongelea umbali kutoka pwani, hakuna hata mmoja anaongelea kina. Mhariri anataka kuliongezea kazi ya tatu.

Na vitu vyenyewe haviendani. Kati ya Seychelles na Mauritius kuna fungu kubwa linaitwa Saya de Malha, liko mbali na kila mtu, ni bahari kuu kabisa kabisa, lakini kuna sehemu zake hazifiki hata mita 20, majani yanaota chini jua linafika. Geuza upande wa pili, bahari kati ya Pemba na bara la Tanga, unavuka kwa boti, uko ndani ya nchi yako, lakini chini yako kuna kina kinachopita mita 700. Unguja ni tofauti, kati ya Unguja na bara ni makumi tu ya mita kwa sababu Unguja imekaa kwenye kitako kile kile cha bara, Pemba imetengwa na bara kwa kilindi.

Na hapo hapo Tanga ndo wavuvi wamekuwa wakinasa silikanti kwenye majarife, zile nyavu za papa, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, yule samaki ambaye wanasayansi walidhani kaisha tangu enzi za dinosaria mpaka akapatikana Afrika Kusini 1938. Mpaka wakaanzisha hifadhi yake 2009. Samaki wa kilindini, kavuliwa na watu waliorudi nyumbani kula. Ukiandika "silikanti anaishi bahari kuu" umeshampeleka mtu maili 200 kumtafuta samaki aliyeko mbele ya dirisha lake.

Mfasiri_wa_usiku

Pweza hiyo ya silikanti naiba kama ilivyo 🙏 na bahati nzuri kwenye filamu yupo dakika mbili tatu hivi.

Swali la nyongeza. Filamu inagawa bahari kwa matabaka, mita 200 kwenda chini mwanga unaanza kuwa hafifu, mita 1,000 hakuna jua kabisa, halafu inafika ile mifereji kama Mariana karibu kilomita 11. Vyote niite vilindi?

kalamu_nyekundu

Ukiita vyote vilindi hukosei ila utamchosha mtu. Mi ningefanya hivi, kilindi libaki jina la jumla, kuanzia hapo mita 200 kushuka, kisha matabaka uyaeleze kwa mwanga kama filamu inavyofanya yenyewe: maji ya mwanga hafifu, maji ya giza. Mariana watu wameshazoea "Mfereji wa Mariana", usibadilishe. "Kina kirefu" usilitupe, litumie pale inapotajwa namba, mfano "kina cha bahari kwa wastani ni karibu mita 3,700". Bara_Moja atafurahi.

Bara_Moja

Nimefurahi 😂 ila nasisitiza, mara ya kwanza neno likitokea weka maelezo mafupi. "Vilindini, kule ambako nuru ya jua haifiki", mtu kaelewa, kuanzia hapo endelea na vilindi vyako mpaka mwisho sina neno.

mpiga_pondo

Sawa kabisa hiyo. Na usiandike "kwenye vilindini" nimeona watu wanaandika, hiyo -ni ishabeba kazi. Ama kilindini ama kwenye kilindi.

Mfasiri_wa_usiku

Mrejesho wakuu. Nimemtumia mhariri mfano wa Pemba na wa bandari ya Kilindini, bandari ndo imemmaliza maana kumbe kasoma Mombasa. Kakubali vilindi ndani ya maelezo yote na lindi kalitoa mwenyewe. Ila kwenye jina la filamu kakataa kata kata, anasema "bahari kuu" linavuta watu.

dada_N

Jina mwachie, ni lake la kuuzia. Ndani usikubali hata moja lirudi, hasa kwa silikanti. Na hela yako idai kabla hajasoma tena.