Tupeane uzoefu: baada ya kuachana, ni kitu gani kilikataa kukutoka?

Wakuu, salaam.

Miezi minane imepita tangu tuachane, tulikuwa tumekaa pamoja miaka minne. Siku yenyewe niliimeza. Aliniambia mapenzi yameisha, nikamsindikiza hadi mlangoni. Kinachonimaliza ni vitu vidogo. Nikiamka, mkono unaifuata simu kabla akili haijakumbuka. Nikipata habari njema, yeye ndiye wa kwanza ninayetaka ajue. Namba niliifuta, lakini naijua kwa kichwa.

"Wapo wengi" nimeshaambiwa sana. Nielezeni yaliyowakuta nyinyi.

#2
Pole sana mkuu. Mimi ni kumchungulia. Nilimbloku, nikamfungua, nikambloku tena, mwisho nikafungua akaunti isiyo na picha nimwone kwa siri. Huyo aliyekaa naye ni nani? Mbona amekonda? Mwaka mzima nilijiita mjinga, mpaka niliposoma kwamba mwaka 2010 watafiti wa Marekani walipiga picha ubongo wa watu 15 walioachwa karibuni huku wakitazama picha za wapenzi wao, na baadhi ya sehemu zilizoamka ni zile zinazohusika na uraibu wa kokeini. Nililia. Kumbe nilikuwa na arosto! Nikaanza kumkabidhi dada yangu simu kila saa tatu usiku, ananirudishia asubuhi. Wiki tatu za kwanza zilikuwa mbaya kuliko wiki niliyoachwa, nisikudanganye.

#3
Mimi nililia zaidi kwa ajili ya mama yake.

Nilifiwa na mama nikiwa mdogo, na yule mama aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Tulipoachana na mwanawe, hakuna aliyeniambia kwamba na yeye ndiyo basi. Akaendelea kunipigia kila Jumapili. Kupokea naogopa, kutopokea siwezi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekula?" Jumapili moja, nyuma ya sauti yake, nikamsikia mwanawe anacheka na mtu. Kile kicheko nakijua. Nilikaa sakafuni mpaka giza likaingia.

Mwezi wa tano nikampigia mwenyewe. Nikamwambia, mama nakupenda, ila kwa sasa simu zako zinanirudisha kule ninakotoka. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Ukipona, nitafute."

Nilimtafuta mwaka jana. Tuliongea saa nzima, na mwanawe hakutajwa hata mara moja.

#4
Kwangu ni kifua. Kilibana nikajua nakufa. Moyo ulikutwa mzima, lakini daktari alinisifu kwa kwenda. Upo ugonjwa unaoitwa takotsubo, ulioelezwa na madaktari wa Japani mwaka 1990: mshtuko mkubwa, hata wa huzuni, unaweza kudhoofisha misuli ya moyo ghafla. Wengi hupona baada ya wiki kadhaa, ila dalili zake hufanana na za shambulio la moyo. Ndugu, kifua kikibana usiseme ni mapenzi tu. Nenda ukapimwe.

#5 (mleta mada)
Nimesoma yote, ya #3 nimeyarudia mara mbili. Mimi nilikuwa na mdogo wake wa kiume, nilikuwa namfundisha hesabu. Nilimkatia mawasiliano bila hata kumuaga, na leo ndiyo nimejua kwamba naye ni sehemu ya hili jeraha. Bado sijajua nimwandikie nini.

Leo simu analala nayo kaka yangu. Wengine endeleeni, nitasoma asubuhi.