Mjadala: Vipindi vya video na shule za ng'ambo vinawapa wanafunzi wa Nairobi ari, au vinakula muda wao?

Mwalimu wa Jiografia, Embakasi

Hoja iliyo mezani ni kwamba shule za umma Nairobi zitenge kipindi kimoja kila wiki cha kusoma pamoja na shule za nchi nyingine kwa video, kwa sababu mwanafunzi huchangamka akijua kuna mwenzake anayemsubiri upande wa pili. Hilo la kuchangamka naliunga mkono. Video ya moja kwa moja naipinga, kwani ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote na ndiyo inayomeza pesa na muda.

Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40. Toa 10 za kuwasha projekta, kushika mtandao na kusubiriana. Darasa la wanafunzi 60 linabaki na nusu dakika kwa kila mmoja, na hapo wenzao hawajasema neno. Wanaozungumza ni wale wanne watano ambao hunyosha mkono hata siku za kawaida. Waliobaki wanatazama televisheni.

Sasa chukua kazi ya vivuli. Takriban Machi 20, jua linapopita juu ya ikweta, simamisheni fimbo ya mita 1 uwanjani. Kivuli kifupi kabisa cha Nairobi kitakuwa kama sentimita 2, kikielekea kusini. Siku hiyo hiyo, darasa la Manchester lenye fimbo ya urefu huo litapima karibu sentimita 135, kivuli kikielekea kaskazini. Ukichora kwa skeli unapata pembe mbili kati ya fimbo na mwale wa jua, nyuzi 1.3 na nyuzi 53.5. Chukua umbali wa kusini hadi kaskazini, kama kilomita 6,100, zidisha kwa nyuzi 360 za duara, gawanya kwa jumla ya pembe hizo, na mwanafunzi wa Gredi ya 9 anapata mzingo wa dunia: karibu kilomita 40,000. Bila namba ya Nairobi, Manchester hawana hesabu. Bila yao, nasi hatuna. Ari inatoka hapo, mtu wa mbali anapoihitaji kazi yako, na ukikosea wewe naye anakosea.

Makosa yenyewe yanajulikana. Fimbo ikiinama nyuzi 1, kivuli cha Nairobi kinabadilika kwa karibu sentimita 2, yaani kosa linalingana na kipimo chenyewe. Timazi ni lazima; uzi na kokoto vinatosha. Kosa jingine ni kutoa pembe badala ya kujumlisha: vivuli vinaelekea pande tofauti, kwa hiyo ni nyuzi 54.8. Na msipime saa sita kamili. Tarehe hizo jua la Nairobi hufika kileleni yapata saa sita na dakika 40. Pimeni kila baada ya dakika 5, kuanzia saa sita na dakika 20 hadi saa saba, kisha mchukue kivuli kifupi kuliko vyote. Kilele cha Manchester kinakuja kama saa tisa na robo kwa saa zetu, kwa hiyo hata mkitaka kupima pamoja mbele ya kamera haiwezekani.

Fundi wa Mitandao, Umoja

Mwalimu, niongeze upande wa mitambo. Video ya Mbps 1 (megabiti 1 kwa sekunde) kwenda na Mbps 1 kurudi inakula MB 600 kwa dakika 40. Sauti tupu ya kbps 100 kila upande ni MB 60. Lakini bando silo linaloua vipindi hivi. Kinachoviua ni sauti mbovu.

Laptopu mbili zikiingia kwenye mkutano mmoja ndani ya chumba kimoja, spika ya hii inaingia kwenye maikrofoni ya ile, na mlio mkali unaanza. Nyingine zote zizimwe spika na maikrofoni. Maikrofoni ya laptopu humsikia aliye karibu nayo. Aliye dawati la nyuma hasikiki hata akipaza sauti. Wekeni kiti kimoja cha msemaji, umbali wa mkono kutoka kwenye maikrofoni, na kila mtoto aje aketi hapo. Aprili mvua ikipiga mabati, ahirisheni tu. Stima nayo ikipotea, ruta na laptopu zikiwa kwenye betri ya akiba mnaendelea bila projekta. Msiiunganishe projekta na betri hiyo, itaimaliza mara moja.

Mwalimu wa Historia, Kasarani

Kwa nini Manchester? Kila mjadala huu ukianza, mwenza anatoka Ulaya, halafu tunashangaa ratiba inavunjika. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Kipindi kilichokuwa saa sita mchana kwetu kinahamia saa tano, katikati ya somo la mwalimu mwingine. Muhula wetu wa tatu, wao ndio wanafungua mwaka huku sisi tuko kwenye mitihani. Mnabaki na madirisha mawili: katikati ya Januari hadi mwisho wa Machi, mkiruka likizo yao fupi ya Februari, kisha Mei hadi katikati ya Julai.

Cape Town tunapishana saa moja mwaka mzima, hawasogezi saa, na mwaka wao wa shule unaanza Januari kama wetu. Kivuli chao siku hiyo ni kama sentimita 67, nacho kinaelekea kusini, kwa hiyo pembe zinatolewa badala ya kujumlishwa. Somo halipotei.

Kuna jambo zito zaidi ya saa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba makundi yanapokutana, chuki hupungua hasa pakiwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano na uungwaji mkono wa wenye mamlaka. Darasa moja likiwa la kusaidiwa na jingine la kusaidia, hadhi sawa haipo. Watoto wetu wanaombwa waimbe na waonyeshe madarasa yao. Wa upande wa pili wanauliza maswali. Hiyo ni ziara, na watoto wetu ndio wanaotembelewa.

Mzazi, Kayole

Nawaunga mkono, ila kabla ya picha yoyote kutoka shuleni someni kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini hiyo. Fomu iseme wazi nini kinatumwa, kwa nani, kitakaa muda gani, na mtoto ambaye mzazi wake amekataa atafanya kazi gani. Hicho cha mwisho husahaulika, na mtoto anaishia kukaa nje. Kazi ya vivuli ninaipenda kwa sababu hiyo: namba hazina sura.

Mwalimu wa Lugha, Kibera

Ndugu zangu, mmeyazika mazungumzo ya moja kwa moja mapema mno. Namba hazijibu swali. Mtoto akituma rekodi ya sauti, anaisoma kwenye karatasi mara sita mpaka inyooke. Akiulizwa papo hapo, "Unamaanisha nini?", ndipo anapotafuta njia nyingine ya kusema, na kutafuta huko ndiko kujifunza lugha. Kosa ni kuweka watoto 60 mbele ya skrini moja. Gaweni watano watano, sauti tupu, simu moja kila kundi, dakika 8, makundi mawili tu kwa siku moja na vyumba viwili tofauti. Darasa zima linamalizika kwa siku sita.

Mwalimu wa Jiografia, Embakasi

Mwalimu wa Lugha, hapo umenishinda. Makundi ya watano kwa sauti nayakubali, mradi yaje baada ya namba kubadilishwa, ili wawe na jambo la kuulizana: mbona kivuli chenu kinaelekea kule?

Na kuhusu Cape Town, nimekubali pia. Ninachokataa bado ni kupima ari kwa kelele za siku ya kwanza. Upya huchangamsha darasa lolote. Hesabuni kazi za ziada zilizorudishwa kwa wakati wiki 6 kabla ya kuanza, kisha wiki ya 7 hadi ya 12 baada ya kuanza, upya ukiwa umekwisha. Darasa la pili la gredi hiyo hiyo lisilo na mwenza lihesabiwe vivyo hivyo. Na asiahidiwe mtu tableti wala safari, maana siku zawadi ikikosekana na kazi itaachwa. Kuna shule yenye madarasa mawili ya Gredi ya 9 iliyo tayari kuanza muhula ujao?