Taa za mbele hafifu kwenye pikapu ya zamani: balbu za wati nyingi, rilei au LED?

Mkulima wa Kilosa: Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina pikapu ya zamani ya Kijapani inayotumia balbu za H4 (zenye waya wa fulu na wa dimu ndani ya balbu moja) za wati 60/55, yaani 60 za fulu na 55 za dimu. Betri ni mpya na altaneta inachaji vizuri, lakini nikisafiri usiku kutoka Kilosa kwenda Mikumi taa za mbele hutoa mwanga wa njano unaoishia karibu. Dukani nimeshauriwa nifunge balbu za wati 100/90, fundi mmoja anasema niweke rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), na mwanangu anasisitiza LED. Ipi kati ya hizi inafaa?

Fundi Mita: Ndugu Mkulima, kabla ya kununua chochote, pima umeme unaopotea njiani. Washa injini na taa za dimu, weka mita kwenye volti 20 za DC, gusa nguzo chanya ya betri kwa ncha moja na pini chanya ya balbu kwa ncha nyingine, ukiwa umeiacha soketi imechomekwa. Kisha fanya hivyo hivyo upande wa hasi. Upande wowote ukionyesha zaidi ya nusu volti, kosa si la balbu.

Sababu ni kwamba mwanga wa balbu ya halojeni haupungui kwa kiwango kilekile volti zinavyopungua, bali hupungua kwa kasi zaidi: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa takriban asilimia 30, na rangi yake huelekea unjano kama unavyoeleza.

Mkulima wa Kilosa: Ahsante, Fundi. Nimepima. Betri ina volti 13.8 injini ikiwa inanguruma. Upande wa chanya unapoteza volti 0.3, na upande wa hasi 1.1. Nilitarajia kinyume chake.

Fundi Mita: Hilo halinishangazi. Katika magari mengi ya Kijapani ya zamani, chanya huifikia balbu moja kwa moja kupitia fyuzi na rilei ya kiwandani, na swichi ya usukani ndiyo inayochagua hasi ya dimu au hasi ya fulu. Kwa hiyo umeme wote wa taa mbili za dimu, ambao ni kama ampea 9 hivi, unarudi kupitia kontakti ndogo za swichi ambazo zimekwisha ungua ungua kwa miaka, ndipo ufike kwenye bodi ya gari. Jumla umepoteza volti 1.4, na balbu zinapata 12.4 tu.

Sasa fikiria balbu za wati 90 kwenye njia hiyo hiyo. Ampea zitapanda hadi 15, na joto kwenye kontakti hukua kwa mraba wa ampea, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya lililopo. Mwanga utaongezeka kidogo kwa siku chache, kisha utaanza kunusa plastiki. Mimi chaguo hilo naliondoa mezani kabisa.

Dereva wa Usiku: Kwa heshima, Fundi, LED ingemwondolea tatizo hilo lote, maana balbu nyingi za aina hiyo hula wati 20 hadi 30 tu na swichi ingepumua.

Mwanafunzi wa Umeme: Hesabu ya wati ni sahihi, ndugu Dereva, ila kioo cha taa hiyo kilichongwa kwa ajili ya waya mwembamba wa halojeni uliokaa mahali maalumu. Ndani ya H4, chini ya waya wa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usielekee juu. Chipu za LED zisipokaa pale pale, mkato wa mwanga (mstari unaotenga mwanga na giza la juu yake) hupotea na anayekuja mbele yako ndiye anayeumia macho. Zaidi ya hayo, baadhi ya LED hutarajia pini ya pamoja, inayohudumia dimu na fulu, iwe hasi, nayo kwenye gari hili ni chanya.

Dereva wa Usiku: Hapo nimekuelewa. Labda abadilishe taa nzima?

Mwanafunzi wa Umeme: Inawezekana, mradi iwe imetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Taa iliyotolewa kwenye gari la Dubai huinua mwanga upande wa kulia, ambako kwetu ndiko wanakotokea wenzako.

Fundi Mita: Kwa hiyo rilei. Nunua mbili, ya dimu na ya fulu. Kwa namba zilizoandikwa kwenye rilei, pini 30 ichukue umeme kwenye betri kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, pini 87 iende kwenye balbu, na hasi ya balbu ifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Soketi ya zamani itabaki kazi moja tu, ya kuamsha koili (waya uliosokotwa ndani ya rilei unaoiwasha), ambayo hula sehemu ndogo sana ya ampea.

Angalizo kwa seti zilizokwisha fungwa waya: nyingi huipeleka pini 85, mojawapo ya ncha mbili za koili, kwenye bodi. Kwenye gari lako koili itakuwa na hasi pande zote mbili na taa hazitawaka kabisa. Pini 86 ipate chanya ya pamoja kutoka soketi ya zamani, na 85 ipate hasi inayotoka kwenye swichi. Na pini za H4 zisibadilishwe nafasi, kwa sababu fulu na dimu zikipishana utalaumu rilei bure.

Mkulima wa Kilosa: Nimeelewa. Je, balbu za 60/55 zibaki?

Fundi Mita: Zibaki. Ukimaliza, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida, na ushushe mkato wa dimu karibu sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe.