MJADALA: Ushuhuda wa wani (divisheni ya kwanza) kanisani, na mtihani mmoja wa kidato cha nne unaopanga maisha ya mtoto

Mleta mada

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Januari na leo nimeona niliweke mezani tulijadili kwa heshima, maana linagusa imani na linagusa elimu na mimi siwezi tena kuvitenganisha.

Kwetu usharikani matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Jumapili inayofuata kunakuwa na shukrani. Wazazi wanapita mbele na watoto wao, mama kavaa kitenge kipya, bahasha mkononi, mtoto anapewa maiki anasema Bwana Yesu asifiwe, Mungu ni mwaminifu nimepata wani ya pointi 9, vigelegele, kwaya inaanzisha pambio. Hiyo furaha siipingi, mimi mwenyewe nimewahi kupita mbele na wa kwangu. Ila mwaka huu nilikaa upande wa kwaya ya vijana, na kuna binti pale ndo anayepiga kayamba. Alipata ziro, yaani alifeli mtihani. Shuhuda wa pili alipomaliza na wa tatu akawa anainuka, yule binti akaliweka kayamba chini ya benchi taratibu kabisa, kwa mikono miwili, lisilie, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyemfukuza. Pambio likaendelea bila kayamba.

Sasa naomba mnisaidie. Kama uaminifu wa Mungu tunaukumbuka kwa kuhesabu divisheni, yule binti akumbuke nini? Na hizo divisheni zenyewe wakuu, nani alizipanga? Mnakumbuka matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Watoto zaidi ya laki mbili ziro, nchi nzima ikazizima. Tume ikaundwa, mwezi wa tano serikali ikatangaza bungeni kwamba matokeo yanafutwa na kupangwa upya, na maelfu waliokuwa wameanguka wakajikuta wamefaulu. Karatasi zilezile, majibu yaleyale, mwandiko uleule, kilichobadilika ni jinsi ya kupanga alama. Mtoto aliyelia Februari na aliyeshukuru baadaye ni mmoja, na Mungu katikati hapo hakuwa amebadilika. Kisha ikaja GPA, wastani wa alama badala ya divisheni, watu hata hawajaizoea, 2016 tukarudishwa kwenye divisheni.

Na siyo kwamba wazee wetu hawakuliona. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, 1967, alisema wazi kwamba mitihani tunaitukuza kupita kiasi. NECTA, baraza letu la mitihani, ikaanzishwa 1973, mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma, na kutokana na lile azimio kazi za darasani zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Tulifika mpaka nusu kwa nusu. Leo za shuleni ni 30 na mtihani wa mwisho 70. Yaani miaka minne ya mtoto inaamuliwa kwa wiki chache za mwezi wa 11, na akiumwa malaria wiki hiyo ndo basi.

Msimamo wangu: kanisa liache kuwapitisha mbele wenye wani peke yao, na kanisa hilohilo lipaze sauti kwamba mfumo wa mtihani urekebishwe. Karibuni.

Mwl wa Hesabu, shule ya kata

Mleta mada umeandika kwa uchungu na nakuelewa ila kwenye mtihani nakupinga, tena nakupinga kabisa. Nimeshika chaki miaka 14. Unajua alama za shuleni zinapatikanaje? Nimeshawahi kukaa ofisini saa mbili usiku, mkuu wa shule (sio ninapofundisha sasa) ametuletea fomu anasema jazeni, kesho zinaondoka, na msimweke mtoto yeyote chini ya 60. Tukajaza. Mtoto aliyekuwa mtoro muhula mzima tukampa 68, na yule aliyekuwa anakuja kwa miguu kilomita tisa kila siku tukampa 68 hiyohiyo. Hiyo ndo tathmini endelevu mnayoililia.

Mtihani wa taifa ndo kitu pekee kinachomkalisha mtoto wangu wa shule ya kata na mtoto wa shule ya ada za mamilioni mbele ya karatasi moja, saa ileile, na msahihishaji haoni jina anaona namba tu. Ukiondoa hiyo umempa nani faida? Umempa mwenye shule anayejua kupika alama. Mimi nawajua watoto watatu wa hapa kijijini walioenda chuo kikuu kwa sababu karatasi haikujua baba yao ni nani.

Kama mnataka kurekebisha anzeni na lugha. Juzi nilikuwa nimemshikia mwenzangu kipindi cha baiolojia kidato cha tatu, nikaandika swali ubaoni kwa Kiingereza kama linavyokuja kwenye mtihani, eleza kwa nini mtu akikimbia sana mapigo ya moyo yanaongezeka. Darasa kimya, watoto 62. Nikafuta nikaandika lilelile kwa Kiswahili. Mikono ikapanda mpaka nyuma, mmoja akaeleza habari ya misuli kuhitaji hewa na chakula vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Huyo mtoto mwezi wa 11 ataandika F na mtasema hajui baiolojia. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, unambadilishia lugha kidato cha kwanza, halafu unampima na hukumwambia kwamba unachopima ni Kiingereza.

Mambo ya ushuhuda hayo nawaachia nyie.

Mama wa wawili

Mimi nitaongea kama mzazi na sitaongea kwa upole. Mnaosema ushuhuda uondolewe mnajua huo ushuhuda umenigharimu nini? Mume wangu alifariki mtoto yuko darasa la tano. Nimekaanga mihogo barabarani miaka sita, mafuta yamenichoma hapa mkononi alama ipo mpaka leo, daftari, michango, mtihani wa moko, hela ya mlinzi, vyote mihogo. Mwanangu alipopata two nilikwenda mbele na sadaka yangu nikalia mbele za watu wote, sikulia kwa sababu ya divisheni nililia kwa sababu kuna usiku sikuwa na unga wa kesho na kesho ikafika. Nisimshukuru Mungu mbele ya kusanyiko nikamshukurie wapi, chumbani? Zaburi zimejaa watu wanaosema nitaziondoa nadhiri zangu mbele ya watu wake wote.

Huyo binti wa kayamba namhurumia kama mwanangu. Lakini msimponye yeye kwa kuninyamazisha mimi.

Jirani wa Nakuru

Habari zenu ndugu zetu. Huku kwetu Kenya hii kitu tumeipitia, wacha niwaambie kidogo. Kabla ya KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, shule zilikuwa na siku ya maombi, wazazi wanakuja, pasta anakuja, kalamu zinakusanywa kwa karai zinaombewa, zingine zinapakwa mafuta. Ilikuwa siku kubwa. Mwaka wa 2016 waziri wa elimu Matiang'i akapiga marufuku hizo siku za maombi muhula wa tatu pamoja na siku za wazazi kutembelea watoto, kwa sababu mitihani ilikuwa imevuja vibaya, ile ya 2015 matokeo ya watahiniwa zaidi ya elfu tano yalifutwa. Bodi ya KNEC, baraza letu la mitihani, ikavunjwa, karatasi zikaanza kufungiwa kwa kontena. Na mnajua kilichotokea? Waliopata A mwaka wa 2015 walikuwa zaidi ya 2,600, 2016 wakawa 141. Mia moja arobaini na moja nchi nzima.

Niliumia sana maombi yalipokatazwa, lakini baadaye nilijiuliza swali ambalo mpaka leo linanisumbua: zile ibada za shukrani za Machi 2016, matokeo ya 2015 yalipotoka, tulimshukuru Mungu kwa A ngapi ambazo zilikuwa za kununua? Tulisimama madhabahuni tukaweka jina Lake juu ya wizi. Sio wote, lakini tuliweka.

Kwa hivyo mimi nakubaliana na mwalimu, mtihani uwe msafi kwanza. Sisi tumeondoa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilikuwa 2023, na sasa mtoto wa Gredi ya 9 mtihani wake ni asilimia 60 ya alama zake, ishirini zinatoka ule wa Gredi ya 6 na ishirini zingine tathmini za shuleni. Ni hatua. Lakini hizo ishirini za shuleni ndio wazazi wengi wanaziangalia na jicho moja, sababu ni hiyohiyo mwalimu amesema.

Mwanafunzi mwaka wa tatu

Mnaongelea kidato cha nne kama vile chuo ni mbinguni. Huku kosiweki (kazi za muhula) 40, UE (mtihani wa mwisho) 60, na UE yenyewe ni desa, yaani notisi za kurithishana. Unachukua desa la mwaka juzi unakariri usiku mbili, unatapika, unasahau. Rafiki yangu anaelewa programu za kompyuta kuliko wahadhiri wengine, alidisko (aliondolewa chuo) mwaka wa pili kwa sababu ya masomo mawili ya kukariri, saivi yuko mtaani anatengenezea watu mifumo ya maduka. Aliyefaulu yale masomo mawili ni mimi na siwezi kukwambia hata mada moja iliyokuwemo. Sijisifu, naumia.

Ndugu wa Tanga

Assalam alaykum. Mimi Muislamu ila hili ni letu sote. Madrasa yetu wiki ya kabla ya mtihani ustadhi huwa anawasomea dua vijana wote, na matokeo yakitoka anawaita tena wote, aliyepata na aliyekosa, wanakaa mkeka mmoja. Tumefundishwa kusema alhamdulillah katika kila hali, siyo katika hali nzuri. Fikirieni hapo.

Mleta mada

Nimesoma yote, nimerudia mara mbili, asanteni sana.

Mama wa wawili, nimekukosea na naomba radhi hapa hadharani. Nilivyoandika ni kama nataka kukuziba mdomo, na kweli machozi yako yale hayakuwa ya divisheni. Lakini umenipa ufunguo bila kujua. Umesema kesho ikafika. Hiyo ndo kumbukumbu ya uaminifu wa Mungu, na hiyo hata mama wa yule binti anayo, naye amekaanga vyake, naye kesho yake ilifika. Ila yeye hakuitwa mbele.

Nimekuwa nikisoma habari ya Samweli na lile jiwe alilosimamisha Wafilisti waliposhindwa (1 Samweli 7), Ebenezeri, tumeliimba tangu Sunday school kwamba hata sasa Bwana ametusaidia. Mimi miaka yote nilijua ni jiwe la ushindi. Rudini nyuma sura tatu. Jina hilohilo Ebenezeri linatajwa siku Israeli wanapigwa vibaya na Wafilisti, sanduku la agano linachukuliwa, mzee Eli anaanguka kwenye kiti anakufa. Samweli alijua kilichotokea mahali penye jina hilo na bado akaliita jiwe lake Ebenezeri. Hakukumbuka ushindi akaufuta msiba. Sisi tumechukua nusu ya jiwe.

Mwalimu, kwenye alama za kupika umenishinda, sibishi. Nilikuwa nasema za shuleni ziongezwe tu, sasa naona ukiongeza zikiwa hivyo unamwongezea mtoto wa maskini mzigo. Basi ziongezwe zinapoweza kukaguliwa: mradi au kazi ya vitendo aliyofanya mtoto, aoneshwe mwalimu wa wilaya nyingine, na mtoto aulizwe maswali mbele ya alichotengeneza. Huu mkondo wa amali (masomo ya ufundi) ulioanza 2024 unaweza ukawa mahali pa kujaribia, fundi anapimwa kwa alichokishona au alichokichomelea. Na ya lugha naiunga mkono asilimia mia, swali liandikwe kwa lugha zote mbili kwenye karatasi moja, mtoto achague. NECTA waliweza 2023 kuacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, watu wakapiga kelele wiki mbili wakanyamaza. Haya nayo yanawezekana.

Jirani wa Nakuru, hilo la kuweka jina Lake juu ya wizi sijalala nalo vizuri.

Sasa nimebadilisha hoja yangu ya kanisani. Sitaki tena ushuhuda uondolewe. Ninachopeleka ni kwamba Jumapili ya shukrani ya kidato cha nne isogezwe, iwe Jumapili ya kwanza baada ya mtihani kuisha, mwezi wa 11 huohuo mwishoni au wa 12 mwanzoni, kabla matokeo hayajatoka. Wote wapite, na wazazi wote na bahasha zao, hakuna anayejua nani ana nini. Tushukuru kwa miaka minne, kwa aliyeuza mihogo, kwa aliyepona, kwa mwalimu aliyebaki jioni bila malipo. Januari mwenye kutaka kuleta sadaka yake binafsi alete, mlango uko wazi kama ulivyo kila Jumapili.

Mama wa wawili

Hapo sawa. Mimi nitapita zote mbili.

Mwl wa Hesabu, shule ya kata

Wazee wa kanisa watakubali? Hizo bahasha za Januari unajua ni bajeti ya nani.

Mleta mada

Najua, na wapo walioshaniambia niache. Kikao ni Jumamosi saa kumi jioni, hoja nimeshaiandikisha kwa katibu. Yule binti nimeenda kwao juzi, anarisiti (anarudia mtihani wa) masomo matatu mwaka huu, Kiswahili, Civiksi na Baiolojia, anasoma jioni akitoka dukani. Kayamba bado liko chini ya benchi, nilimwambia mwenyekiti wa kwaya asimpe mtu. Wakishaamua nitarudi hapa niwaambie walivyosema.